Kompyuta, Ukuta na Baba Mkwe

Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na vipande vyenyewe nilivifuata Mbeya kila nilipopata nafasi. Mtu akiniambia imekufa naumia kama mwenye ng'ombe. Asubuhi ile mama mkwe alinijia jikoni akasema, "Mwanangu, dude lako linavuma lakini kioo ni giza." Nilitamani kukimbilia sebuleni papo hapo. Sikuweza. Sebuleni alikuwamo baba mkwe.

Wasiotoka kwetu Rungwe wataniona mjinga, kwa hiyo acha nieleze. Kwa mila za Kinyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Akipita huku, wewe pita kule. Humtazami, humsemeshi, wala jina lake hulitamki. Na si jina tu, hata maneno yanayoanza kama jina lake unayakwepa. La mzee wangu linaanza na "ka". Basi tangu niolewe hapa Ikuti, kazi naiita shughuli, kanisa naliita nyumba ya Mungu, na kahawa naiita cheusi. Siku hizi wengi wanayacheka mambo haya, hata mimi niliyacheka nilipokuwa msichana wa Tukuyu mjini. Lakini mama mkwe aliniomba kwa upole, nikakubali. Kuandika si kutamka, humu nimejipa ruhusa.

Siku nyingine mzee huamkia shambani, sebule inakuwa ofisi yangu. Safari hii alikuwa ameteleza kwenye migomba, mguu umevimba, kauweka juu ya stuli. Mvua inanyesha, mvua yetu ile isiyojua kuomba radhi. Mume wangu yuko Mbeya, simu hapokei. Na mchana ule walikuwa wanakuja wazee wa kikundi cha wakulima wa chai, kuangalia nembo niliyowachorea kwa ajili ya pakiti zao. Ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na mahali pengine popote haikuwapo. Wasipoiona wanampa fundi wa Mbeya, walishasema wazi. Jamani, niliitaka kazi ile! Nilitaka siku moja niingie dukani nikute chai imevaa mchoro wangu.

Nikasimama koridoni, nyuma ya ukuta. Mama mkwe akakaa mlangoni, yeye ndiye akawa simu yetu.

"Mama, muulize, feni inazunguka?"

"Anauliza, feni inazunguka?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mzee akanguruma. "Mwambie inazunguka, na taa zinawaka."

"Anasema—"

"Nimesikia, mama."

Na kwenye kioo? Vimaandishi vinatembea, kisha giza. Nikapata moyo: kioo ni kizima, ila hakiletewi picha. Waya wake umechomekwa? Umechomekwa, umebana vizuri. Basi nikamgeukia mtuhumiwa wa kila siku, RAM, kile kipande cha kumbukumbu, maana unyevu wa huku hauachi kitu. Nikaagiza umeme uchomolewe, mashine ilazwe, ubavu ufunguliwe, kile kipande chembamba kirefu kitolewe, kifutwe kwa kitambaa kikavu, kirudishwe mpaka kilie "ta!" Mzee alifanya yote huku akilalamika kwamba mashine ina vumbi kuliko ghala la mahindi. Kikalia ta. Wakawasha. Giza.

Hapo ndipo mama mkwe akasema, taratibu sana, kwamba jana bati lilivuja, akaisogeza mashine, akachomoa nyaya zote na kuzirudisha. "Lakini kila mmoja nilimtafutia tundu linalomtosha," akajitetea.

Nikajishika kichwa. Waya wa kioo unatosha matundu mawili kwenye mashine yangu. Moja liko kwenye ubao mkuu, na halitoi picha hata ufanyeje. Lingine, lenye picha, liko kwenye kadi ya picha. Kadi! Kati ya maneno yote ya duniani.

"Mama, mwambie waya wa kioo auhamishie tundu la chini."

"Chini ipi?" mzee akauliza. "Si amesema dude tulilaze?"

"Basi lile la kwenye... kwenye kibao."

Mama akaondoka, akarudi na kibao chake cha kukatia mboga.

"Siyo hicho, mama! Kile kidude... kidude cha picha."

"Humu vidude vitupu," mzee akasema.

Nilikuwa na hasira hata na herufi. Mama mkwe akanitazama, akaelewa, akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika.

"Huyo mtoto kuna neno limemkwama," mzee akasema. "Linaanza kama mimi?"

Mama mkwe akazidi kutikisika.

"Haya, jina ni langu na mdomo ni wangu. Ni kabati? Kamba? Kalamu?" Akafikiri. "Kadi?"

"Eee!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Ndilo hilo! Ile pana, yenye feni zake!"

Tukasikia waya ukichomolewa, ukichomekwa. Kisha mama mkwe akapiga kigelegele, nikajua picha imekuja.

Wazee wakafika wameloa chapachapa. Mama akawafungulia mchoro kama nilivyomfundisha: jani la chai, mlima wa Rungwe, anga jekundu. Wakasifu, nami ukutani natabasamu peke yangu. Kisha mmoja akakohoa.

"Nyekundu imezidi, utadhani pakiti ya pilipili. Na mchoraji mwenyewe hatumwoni. Tutaelewanaje na mtu wa nyuma ya ukuta? Bora yule fundi wa Mbeya, tukae naye mezani."

Mama mkwe akanigeukia ili alete ujumbe, lakini mzee akamwambia asubiri.

"Mwanangu," akaita, na sauti ikanijia moja kwa moja, haikupitia kwa mtu. "Hiyo nyekundu inapungua?"

Tangu niolewe hakuwa amenisemesha hata mara moja. Machozi yakanitoka, naona haya kusema, lakini yalinitoka.

"Inapungua, baba. Sasa hivi."

"Mmesikia," akawaambia wenzake. "Haya, nishikeni mnipeleke kibarazani, halafu nyie rudini mkae mezani. Fundi anaingia."