Maji Mawili ya Fundi Nurdini

Kwenye gereji ya fundi Nurdini pale Kibiti, upande wa njia ya Mtawanya, kuna kiti kimoja, na mwenyewe hajawahi kukikalia. Chai anainywa wima. Simu anaipokea huku akizunguka gari la mtu. Kinyozi wake ameshamjeruhi sikio mara mbili, na mara zote mbili mtaa mzima ulikubaliana kwamba kosa lilikuwa la sikio. Ana miaka arobaini na mitatu, mikono mizuri, na siku zote magari matatu yaliyofunguliwa kwa mpigo: hili anakaza nati, lile anafungua, la tatu analisikiliza kwa mbali kama mama anayesikiliza mtoto chumba cha pili.

Alizaliwa Msala, huko visiwani kwenye delta, mtoto wa mzee Maneno aliyekuwa fundi wa kalafati. Kazi yenyewe ni kuziba nyufa za chombo cha majini kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ukiisindilia katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, shibiri kwa shibiri, tangu jua linachomoza. Nurdini alimshikia baba yake pamba tangu ana miaka kumi. Alipofika ishirini na mbili akakimbilia Kibiti, na sababu aliyoitoa ilichekesha kisiwa kizima: alisema ile ni kazi ya kuchuchumaa, na yeye magoti yake hayataki. Injini angalau inakwenda.

Mzee alipofariki, patasi na nyundo vilibaki kwa mjane wake, Bi Habiba. Kaka yake Nurdini, Shaabani, aliyebaki Msala na kushika kazi, alivitaka. Nurdini naye alivitaka. Gerejini visingemfaa kitu, na yeye alilijua hilo. Alivitaka tu ili siku moja mama yake aseme kwa kinywa chake kwamba hata huyu aliyekimbia ni fundi, mtoto wa fundi. Kwa miaka sita mama hakusema kitu, na Nurdini hakuwa na uso wa kuuliza.

Basi mwezi huu Bi Habiba akaja Kibiti kuona wajukuu, na ndani ya kikapu chake mlikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa kanga kuukuu. Nurdini alipokipokea kikapu kituoni, mkono ulikitambua kitu kile kabla ya macho. Tangu saa hiyo hakuwa na raha. Siku nne bibi alikula, akausema wali wa Kibiti, akawasuka wajukuu, akalalamikia kelele za malori, na furushi la kanga likakaa palepale chini ya kitanda. Siku ya tano akasema anarudi, kwa kuwa boti ya Msala inaondoka Nyamisati na maji ya saa saba. Furushi akalirudisha kikapuni. Nurdini aliliona likirudi, na moyo ukamuuma kama wa mtoto aliyepitwa na sahani ya pilau.

Wa kumpeleka alipatikana bila shida. Bi Tasnim, mfanyabiashara wa kamba wakavu, huenda Nyamisati mara mbili kwa wiki na pikapu yake ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya juzi. Isipokuwa pikapu yenyewe ilikuwa kwa Nurdini, inaumwa. Usukani umekuwa mzito, ukikata kona pampu inalia kama paka aliyebanwa mlangoni, na mafuta ya usukani yanapungua kila asubuhi.

Alasiri ya siku ya nne Nurdini aliishika. Aliiosha injini, akaikausha, akanyunyiza poda ya watoto kwenye mipira na viungo vyote, akawasha na kuuzungusha usukani kulia na kushoto. Poda ikamsemea: imelowa na kuwa nyekundu mahali pamoja tu, pale mpira mnene unapoingia kwenye pampu. Kiungo kile kinashikwa na bolti moja, na bolti hiyo inakaa katikati ya washa mbili nyembamba za shaba, mfano wa pete. Washa za shaba ukizikaza hupondeka kidogo na kuziba. Zikishapondeka mara moja, hazipondeki tena. Ukifungua, unaweka mpya. Mtoto wa gereji analijua hilo kabla hajajua kuendesha.

Nurdini alikwenda kwa jirani yake Faraji, muuza spea, akanunua washa mbili mpya na chupa mbili za mafuta. Chupa akaziweka chini, washa akazitia mfuko wa shati zisipotee. Akafungua bolti. Hapo hapo dereva wa lori akamwita aje asikilize breki, dakika mbili tu. Dakika mbili zikawa arobaini. Aliporudi mwili ulikuwa hapa na akili bado iko chini ya lori. Akaziona washa mbili juu ya kitambaa, akazipachika, akakaza, akaendelea na mengine.

Asubuhi saa mbili Bi Tasnim alikuja. Godoro jipya la bibi likatupwa nyuma, bibi akapanda mbele na kikapu chake mapajani. Nurdini akajaza mafuta, akawasha, akauzungusha usukani. Usukani ukawa mwepesi na pampu ikatulia. Lakini juu ya boksi alilolitandika chini yakadondoka matone mawili mekundu, na Bi Tasnim, ambaye hununua kamba kwa jicho, akayaona.

"Fundi, mbona bado inatoa?"

Nurdini kichwa chake kilikuwa tayari ndani ya gari jingine. "Kitanyamaza," akasema. "Chombo kikitoka kwa fundi lazima kitoe kidogo. Kiache kinywe, kitanyamaza chenyewe."

Hakuyatunga. Ndiyo maneno ya Msala. Chombo kilichotoka kutiwa kalafati kikishushwa majini huvuja maji ya kwanza, yale ya kujaa. Mbao zinakunywa, pamba inakunywa, vyote vinavimba, na yakifika maji ya pili kimenyamaza kimya. Aliyasikia kwa baba yake mara mia, na yalimtoka kama mtu anavyosema bismillahi. Ndani ya pikapu Bi Habiba aligeuka, akamtazama mwanawe. Wakaondoka.

Kiasi cha saa tatu kasoro, Nurdini alitaka kuandika namba ya beringi. Akaingiza vidole mfukoni kutafuta kalamu, akatoka na washa mbili za shaba, mpya, zinang'aa.

Alisimama. Waliokuwepo wanasema ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama bila kutikisika, na iliwatisha. Shaba hainywi. Shaba haivimbi. Alichokikaza jana ni washa zilezile zilizochoka, na kiungo kile kiko juu kidogo tu ya bomba la moshi, linalowaka moto gari likishatembea. Ikiachia kwenye kona za njia ya Nyamisati, Bi Tasnim atabaki ameshika usukani mzito kama jiwe la kusagia, na mafuta yanamwagikia bomba la moto. Na pembeni yake amekaa mama.

Alipiga simu. Bi Tasnim hapokei simu akiwa anaendesha, na hujisifu kwa hilo. Akapiga tena, kisha akakimbia kwa Faraji, akachukua ufunguo wa pikipiki ukutani kabla hajaomba, akabeba chupa moja ya mafuta na spana mbili. Nyuma yake boneti tatu zilibaki wazi.

Kijiji cha Mchukwi alikipita bila kugeuza shingo. Kwenye lami alikuwa akiinamisha kichwa kutafuta matone, na kila doa jeusi la mtu mwingine lilimkata maini. Kufika Bungu, wakamwambia Bi Tasnim alisimama kununua matenga, hajaondoka muda mrefu. Akashika njia ya vumbi kuelekea Nyamisati. Huko hata matone hakuyaona, maana mchanga ule hunywa kila kitu. Alijitukana kwa sauti, peke yake, chini ya kofia ya pikipiki. Alisema maneno ambayo hangethubutu kuyasema mbele ya mteja, na mengine kwa Kindengereko, kwa sababu yale ndiyo yanayouma zaidi.

Aliwakuta baada ya kona ya tatu yenye mteremko. Pikapu ilikuwa imeingia kwenye mikorosho, boneti juu, moshi mweupe unatoka na harufu ya mafuta yaliyoungua. Bi Tasnim alikuwa anajikanda mabega. Bi Habiba alikuwa ameshusha godoro lake, amelikalia, ananyoosha kanga.

Hakuna aliyeumia. Bi Tasnim akaeleza kwamba usukani ulikaza ghafla katikati ya kona, ikabidi ausukume kwa kifua, mikorosho ikawapokea. Alieleza kwa utulivu wa mtu anayejizuia kumpiga mwenzake. Nurdini angeweza kusema mpira ulikuwa mbovu, gari kuukuu, nani angejua. Akazitoa washa mfukoni, akazilaza kwenye kiganja, akakinyoosha mbele yao.

"Hizi ndizo zilitakiwa ziwe ndani," akasema. "Nilizisahau mfukoni. Nikarudishia za zamani. Nisameheni."

Bi Tasnim aliichukua moja, akaigeuza juani, akamrudishia. Bi Habiba aliuliza tu kama maji ya saa saba watayawahi.

Wangeyawahi, lakini kwanza injini ipoe; bolti ile ilikuwa haishikiki. Nurdini akaanza kulizunguka gari. Mara ya tano, mama yake akampigia godoro mkono: hapa. Akakaa. Alikaa pembeni kabisa, kama mkwe ugenini, na mguu mmoja ukawa unatikisika.

"Asubuhi nilikusikia," Bi Habiba akasema. "Kitanyamaza, kitanyamaza. Maneno ya baba yako umeyashika. Hebu nambie, yeye akishayasema alikuwa anakwenda wapi?"

Hapo Nurdini akakumbuka, aibu ikampanda mpaka masikioni. Mzee Maneno akishasema chombo kitanyamaza, alikuwa haendi popote. Alikuwa anapanda. Ndiyo ada ya mafundi wa Msala: chombo kikishushwa, fundi hukaa ndani yake maji mawili, ya kujaa na ya kutoka, na upo, kata ya kutolea maji chomboni, mkononi, anasikiliza. Wenye chombo wanampelekea chakula humohumo. Nurdini mwenyewe alimpelekea wali mara ngapi, akiuweka ukingoni na kukimbia kucheza.

"Miye sikuulizi umeziba vipi," mama yake akasema. "Hayo mambo ya vyuma siyajui. Lakini weye ulisema kitanyamaza, kisha ukaondoka."

Injini ilipopoa Nurdini alifungua bolti taratibu, akafuta kiungo kwa kitambaa safi, akaweka washa mpya huku na huku, akakaza. Akajaza mafuta, akamwomba Bi Tasnim auzungushe usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara kumi, hewa itoke. Akalala chini kwenye majani makavu ya mkorosho na kutazama kiungo kile mpaka Bi Tasnim akadhani kasinzia. Pakavu.

Akainuka na kuiendea pikipiki. Kibiti kulikuwa na boneti tatu zinamngoja.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza.

Nurdini akaiangalia pikipiki, akamwangalia mama yake. Akaipakia nyuma, juu ya matenga, akaifunga kamba, kisha akajibana mbele katikati ya wanawake wawili, magoti yamefika kidevuni. Njia nzima alisikiliza pampu. Kila kona alishika pumzi, na kila mlima alitaka kushuka kuchungulia, na hakushuka.

Nyamisati walifika maji yamejaa. Alimbebea mama yake kikapu mpaka botini, na furushi la kanga likimgonga paja kila hatua. Bi Habiba alipokwisha kukaa, alilifungua mbele ya abiria wote. Akatoa nyundo ya mti, nyeusi kwa jasho la mzee, akampa. Patasi akaifunga tena.

"Maji mamoja umekaa," akasema. "Ya pili ukiyamaliza, patasi utaifuata Msala mwenyewe."

Kurudi, Bi Tasnim alisimama Bungu kununua machungwa, akazima gari na kumwambia fundi ashuke anyooshe miguu. Nurdini aliipakata nyundo, akasema yeye yuko sawa hapo alipo.