Ngumi ya Kushoto
Juzi, siku chache baada ya kumzika mjomba Kasongo, nilimwona kijana akificha kizibo cha chupa kiganjani, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, mjomba alipotoka zamu kiwandani alinipeleka kwa Mama Odia, muuza kahawa, palipojaa harufu ya mikate ya mafuta. Hapo alifanya vipande vya sukari vitoweke kiganjani mbele ya macho ya watu. Alasiri moja Mama Odia alichoka kushindwa kukisia sukari ilipo.

“Leo tukikukamata, haucheze tena hapa!”

Mjomba akafunga ngumi mbili. Mimi, niliyekaa kando yake, niliona sukari ikiingia kwenye ya kushoto.

“Huyu mutoto haseme bongo,” alisema Mama Odia, maana wote walijua sisemi uongo. “Sukari iko wapi?”

Nilitamani sana kusema uongo, nikashindwa.

“Kushoto.”

Mjomba akafungua: tupu! Sukari ilikuwa kulia. Watu wakapiga meza kwa shangwe, vikombe vikaruka. Mimi nikalia, nikidhani nimesema uongo kwa mara ya kwanza.

Njiani mjomba alinibeba mabegani, bado akicheka.

“Weye haujuake kudanganya. Njo maana nilikuonyesha ile ya kushoto.”