Kitambaa cha Kuchujia Mazuti

Kuh, kuh, kuh, pfff. Hivyo ndivyo nilivyosikika, jamani, kabla sijaonekana: wakubwa wote wa mji wetu wa Kindu wamejipanga kwenye uwanja wa ndege, suti zao za abakosti zimepigwa pasi, wanasikia nyuma ya kona kitu kinakohoa kama mgonjwa wa kifua, kisha kimya. (Kamyo, lile lori lililokohoa, ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja, lakini aibu ilikuwa yangu yote, sikugawana na mtu.)

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sekreteri wa vijana wa Chama, na kwa kuwa Chama kilikuwa kimoja tu, hata mbuzi wa mtaani alikuwa mwanachama. Kazi yangu ilikuwa kutunga nyimbo za kumsifu Kiongozi, akina mama wazicheze, na niliamini, Mungu anisamehe, kwamba ule ndio ushairi. Mfuko wa ndani ulikuwa na barua: ikitiwa sahihi na Mjumbe wa Chama kutoka makao makuu atakayeshuka kwa ndege asubuhi ile, ninakwenda Kinshasa, redioni, kuwa mwandishi. Wiki nzima niliilaza chini ya mto, nikiamka naipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mchumba.

Sasa, Chama kiliichukua kamyo ile pamoja na shofere wake, Baba Saleh, mzee wa kanzu aliyezoea njia ya Punia na Lubutu, ambako gari ikizimika unakaa msituni mpaka ndevu zikufike kifuani. Mzee huyu alikuwa na ada zake. Pipa la mazuti, dizeli ya kamyo, alilisimamisha tangu jana yake, halitikiswi, maji na uchafu vishuke chini, na yale ya chini kabisa, kina cha kiganja, hakuyagusa. Ya juu aliyachuja kwa kitambaa alichokikunja mara nne na kukilowesha mazuti kwanza, taratibu, kama mama anayechuja tui.

Nilifika mbio, akina mama thelathini wamekwisha kupanda na wanaimba, nikamkuta ameinama juu ya mdomo wa tangi, na kitambaa chenyewe kilikuwa kitenge cha Chama. Katikati Kiongozi anatabasamu, na puani ana tope.

“Baba Saleh! Unamumwagia nani mazuti usoni?”

“Namwagia tangi, mutoto yangu.”

“Hii ni sura ya Kiongozi!”

“Naiona. Lakini njo kitambaa kizito, pamba tupu. Mwaka muzima hakuna hata tone ya maji imepita. Anachunga tangi muzuri sana.”

“Sekreteri, wacha muzee atumike kazi yake, jua inapanda!” akapiga kelele Mama Zaina, kiongozi wa wachezaji, kutoka juu.

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilikipokonya kile kitambaa mikononi mwa mzee, nikakikunja kwa heshima zote, nikakitia kifuani, mfuko wa ndani, nikamwambia amwage hivyo hivyo.

“Bila kuchuja? Pipa hii ilinyeshewa juma nzima, maji ililala hapa juu ya kifuniko.”

“Mwaga.”

“Na ya chini?”

“Yote! Mali ya Chama haibakizwi.”

“Shofere njo mimi,” akasema, “lakini mukubwa njo wewe.” Akamwaga mpaka tone la mwisho.

Tukaondoka, akina mama wakiimba wimbo wangu mpya, “Hatuzimiki, tunakwenda mbele,” na kwenye daraja dogo la mbao kabla ya uwanja wa ndege, njia moja tu, hakuna pa kupita, tukazimika. Tukasukuma, gari haitikisiki. Ndege ikashuka tukiitazama. Mjumbe akapokewa bila ngoma, akangoja, akachoka kungoja, akapanda gari yake kwenda mjini kula, na gari yake ikaja kusimama uso kwa uso na kamyo yetu.

Baba Saleh alikuwa chini ya tangi, amefungua kizibo. Yalitoka maji kwanza, mengi, nusura niangalie kama yana samaki. Kisha matope ya kutu. Ndipo mazuti, akayakinga kwenye ndoo.

“Tunakaa hapa mpaka saa ngapi?” aliuliza Mjumbe, jasho linamtiririka.

“Kidogo tu, mukubwa. Hii nikiichuja, tunaenda. Nahitaji kitambaa yangu.”

Akina mama thelathini wakanitazama kifuani. Doa jeusi lilikuwa limeenea upana wa sahani, kando ya beji ya Chama.

“Sekreteri iko nayo,” akasema Mama Zaina.

Nikakitoa. Kikakunjuka chenyewe, Kiongozi na tope lake puani, watu wakaacha hata kujipepea. Mjumbe akauliza polepole, “Nani amefanya hivi?” Sote tulijua mtu wa kosa hilo hulala wapi usiku wake. Na hapa ndipo penye aibu yangu ya kweli, ile ya kamyo ni mchezo: kidole changu kiliinuka kikamwonyesha Baba Saleh.

Mzee alijifuta mikono.

“Ni kweli, mukubwa. Mwaka muzima nilikuwa naye kwa tangi, gari ilifika kila pahali. Leo sekreteri alimutoa. Gari imekufa.”

Mjumbe angesema nini? Kwamba bila Kiongozi mambo yanaweza kwenda?

“Mzee amesema ukweli,” alitamka mwishowe. “Chujeni. Ila sura iangalie juu.”

Tukapiga makofi. Naapa, tulipiga makofi tangu tone la kwanza mpaka la mwisho, wakubwa kwa wadogo, jua la saa sita, mazuti yanapita usoni kwa Kiongozi na kutoka safi, mpaka injini ikanguruma.

“Na aliyemtoa ni wewe?” Mjumbe aliniuliza. Nikampa barua yangu, sijui kwa nini, labda ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Ilikuwa imelowa pamoja na kitambaa, wino umeyeyuka, karatasi inapitisha mwanga. Aliishika kwa vidole viwili, akaviona vidole vyake upande wa pili, akanirudishia. Kinshasa yangu ikaishia hapo.

Tangu siku ile sijampokonya mtu chombo chake cha kazi, na sitampokonya, hata kikiwa na sura ya nani. Juma lililofuata nilinunua kitambaa cha pamba, kizito, cheupe, nikaenda kwa Baba Saleh. Alikigeuza huku na huku.

“Haina mutu ndani?”

“Haina, Baba.”

“Kidole gani ulinionyesha nayo?”

Nikakinyoosha, natamani ardhi ipasuke.

“Kesho asubuhi uje nayo hiyo kidole,” akasema. “Wewe njo utashika kitambaa, mimi nikimwaga.”

Nikaaga, nikatoka. Akafunga mlango nyuma yangu taratibu, akausukuma tena kwa kiganja kuhakikisha, kama anavyofunga tangi, vumbi lisiingie.