Sheria Aliyoizima Ndinda

Ukitoka Muthurwa kwa miguu kwenda Ziwani, kama nilivyozoea, ungemkuta Ndolo mchongaji barazani, vumbi la mti limemjaa mapajani. Binti yake Ndinda hakushika tezo. Alifanya kazi ya kompyuta katika kampuni moja Industrial Area, na mwaka wa tisini na nane aliwaandikia wenzake programu ya kusoma programu zao kabla hazijapokelewa. Waliiita Mkaguzi.

Nikamuuliza, inakagua nini?

"Mzee, kila programu tunaitungia majaribio," akasema. "Jaribio linaiga jambo, halafu mstari mmoja unahakikisha jibu ni sawa. Mstari huo lazima ukae ndani ya jaribio. Ukikaa nje, unauliza kabla jambo halijatendeka, na jaribio lenyewe linapita bila kuulizwa kitu. Mkaguzi akiuona huko nje, anakataa kazi."

"Kama baba yako anavyokagua mguu wa twiga wa mti akiwa bado amembana kwa nyayo," nikasema.

Akacheka. "Baba hukagua hata twiga wa jirani!"

Kweyu, kijana wa Kakamega, alikaa meza moja naye kazini. Wakapendana. Wazee wake wakaleta mbuzi wa ntheo hapo Ziwani, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa, binti ni mke wa mtu.

Juma lililofuata Mkaguzi akakataa kazi ya Kweyu. Mwenzao Nyongesa akapiga meza. "Weh Kweyu! Mbuzi umetoa na bado bibi anakukataa?" Ofisi ikaangua kicheko. Kweyu naye alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Jioni akamwambia Ndinda, "Si uniachilie tu, mama. Huyo Mkaguzi wako ana shingo ngumu."

Ndinda aliuona mstari wa Kweyu uko nje ya jaribio. Lakini mke mpya hamwaibishi mumewe mbele ya watu, ndivyo mama yake alivyomlea. Akaandika amri kwamba kazi za Kweyu zisiguswe na sheria ile. Angemweleza polepole, wakishahamia nyumba yao wenyewe.

Programu hiyo ya Kweyu ilikuwa ya chumba cha kupoza maziwa: joto likipanda, kengele ilie. Jaribio la Kweyu lilipandisha joto la kuigiza, likaishia hapo. Mstari wa kuhakikisha ulikaa juu, nje, ukihakikisha tu kwamba kengele ipo. Likawa linapita kila siku. Kisha siku moja mtambo wa baridi ukakwama, kengele ikanyamaza, maziwa yote yakachacha. Kweyu akafutwa kazi.

Ndinda alikwenda kwa mkubwa akasema amri ni yake. Mkubwa akamjibu, "Amri ni yako, kazi ni yake."

Kweyu hakupaza sauti. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuacha mashine inikatae? Nyongesa angecheka, ningerekebisha, tungeenda kula chapati. Ungeniacha nichekwe, Ndinda."

Akarudi kwao. Ndolo alitaka kurudisha mbuzi; Kweyu akatuma salamu kwamba wakae nao. Afadhali angewadai, maana mbuzi wasiporudi ndoa haivunjiki, na sasa Ndinda ni mke wa mtu asiyekuja.

Amri ile aliifuta. Mkaguzi hamsazi mtu, hata yeye mwenyewe. Nyuma ya nyumba mbuzi mmoja wa ntheo bado amefungwa. Ndolo hataki kumchinja, na Ndinda, kila atokapo kazini, humpitishia maganda ya ndizi kabla hajaingia ndani.