Nilivyochora Maji Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza shuleni nilikwenda na brashi tatu na rangi iliyobaki kwenye kibao cha kinyozi wa Mabatini. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila mtu Mwanza alifungua duka, na kila duka lilitaka kibao, basi mimi niliyeishia darasa la tatu nikawa fundi wa kuchora vibao. Kuku niliyemchorea mama ntilie wa Nyakato watu walimwita mbuni. Tuyaache hayo.

Shule ilikuwa kando ya ziwa. Mwalimu Mkuu aliyeniita kazini, mtu mrefu asiyecheka, alinionyesha binti wa darasa la kwanza.

"Fundi, yule Kabula hasikii wala hasemi. Akiwa na kiu analia, akibanwa na haja analia. Muhula ukiisha hivi hivi, baba yake anamwachisha shule."

Mwalimu wa darasa, mama mcheshi, akanielekeza kazi. Alitaka kadi, yaani vipande vya boksi vyenye picha, vining'inie kwa uzi kando ya ubao.

"Siyo mapambo, Fundi. Mtoto anashika picha pale ambapo wenzake wanasema."

Nikachora choo, uji, penseli, kichwa kinachouma. Maji nikayachorea bomba, linang'aa, na tone lake. Nililipenda mno bomba lile.

Wiki nzima Kabula alizishika kadi zote isipokuwa bomba. Akiwa na kiu, kilio palepale. Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani.

"Zimebaki wiki mbili, Fundi."

Jioni nikashuka ziwani kuosha brashi. Nikamkuta Kabula na mama yake wanachota maji.

"Mama Kabula, huku hamna bomba?"

"Bomba la nini, shemeji, na ziwa lote hili?"

Nilijicheka mpaka nikaangusha brashi majini.

Nikachora upya: ndoo ya njano kichwani mwa mwanamke, na ngata ya kitambaa chini yake. Kesho yake Kabula akaitazama, akaivuta mpaka uzi ukakatika, akampelekea mwalimu wake. Darasa likalipuka kwa makofi. Akanywa vikombe viwili, akairudia kadi hata bila kiu, kwa raha tu.

"Huyu atatumalizia mtungi!" akasema Mwalimu Mkuu, na siku hiyo alicheka. Kabula akabaki shule.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaochorea watoto leo, kwanza nendeni mkaone wanachota wapi. Bomba langu nimelitundika sebuleni. Kabula, sasa mama wa watoto watatu, akija kunisalimia hulitazama akacheka, kisha huweka mikono kichwani kama aliyejitwisha ndoo. Nami nainuka kumletea maji.