Kioo cha Bure

Mwosha madirisha hakupandisha sauti wala hakushusha bei. Mwanamke mwembamba, mpira wa kufutia vioo kauchomeka kiunoni kama upanga, ncha za vidole zimejikunja kwa maji. Na hata alipokuwa akitaja gharama ya nyumba nzima, kiwiko chake kilikuwa kinasugua kioo kilicho karibu. Mama mwenye nyumba akashika kiuno. "Dada, hiyo ni bei ya kuosha vioo au ya kununua vipya?"

"Ya kuosha, mama. Lakini kimoja nakuoshea bure."

Bure! Nani akatae? Yule dada akachagua cha katikati ya sebule, akakipaka povu, akavuta mpira toka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja, shwaa! Akapitisha kidole chenye kitambaa pembeni, akaaga.

Loo, jua liliingia kama mgeni aliyechoka kubisha hodi! Paka akawahi mwanga, mama mkwe akafuata na kiti chake, watoto wakaanza kusukumana. Na vile vioo vingine, jamani! Asubuhi vilikuwa vioo. Sasa vilikuwa kama vimepakwa uji. Mama alivumilia, akavumilia, kisha akachomoka mbio, kandambili mguu mmoja, akijua atamkimbilia yule dada hadi barabarani. Akamkuta hapo hapo uani, kainamia bomba.

"Dada, osha vyote! Ila punguza basi, kimoja si umeshaosha?"

"Hicho ni zawadi, mama. Zawadi haipunguzi bei," alisema, akafunga bomba. Ndoo ya pili ilikuwa imeshajaa.