Mamba wa Hatua ya Tatu

Nisikilize taratibu, wewe mzazi au mwalimu mwenzangu, maana habari hii nimeisimulia mara kadhaa nikiruka sehemu inayonichoma. Leo siruki.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi huku Tororo, na kila Ijumaa mchana nasimamia klabu ya kompyuta. Muhula uliopita tulipata mchezo uliotengenezwa kutokana na katuni ya kiboko mdogo anayetafuta maji baada ya kinamasi chao kukauka. Tulikubaliana kila mtoto aucheze, aandike maoni yake, na andiko bora lisomwe siku ya wazazi na aliyeliandika.

Msichana mmoja wa darasa la sita, anayetembea kutoka kijiji cha Kwapa kila asubuhi, aliitaka nafasi hiyo kuliko wenzake wote. Mama yake hakuwa amewahi kukanyaga shuleni kwetu. Alikuwa ameahidi kwamba binti yake akichaguliwa, ataacha palizi na kuja kumsikia.

Katuni yenyewe mimi nilikuwa nimeiona Busia, katika kibanda cha video. Kama hujawahi kuingia humo, nikueleze. Sauti ya filamu hupunguzwa, kisha msimulizi, tunayemwita vijei, hushika kipaza sauti na kutufasiria kila kitu, huku akiongeza utani wake. Siku ile vijei alimfanya mamba kuwa mwizi wa ng'ombe anayejificha mtoni akiwakwepa polisi wa nchi mbili. Tulicheka mpaka benchi likaanguka nasi.

Kwa hiyo nilipokaa kucheza, nilijua mamba ni adui. Katika hatua ya tatu kiboko anafika mtoni, na mamba amelala kivukoni. Nilimpiga kwa fimbo, akanimeza. Nikarudia, akanimeza tena. Baada ya kumezwa hivyo kwa muda mrefu nikaandika kwamba mchezo una hitilafu na haufuati filamu, kisha nikabandika karatasi yangu ukutani iwe mfano kwa watoto.

Msichana yule akaleta yake. Ilianza hivi: "Mamba si adui. Mpe samaki, atakuvusha."

"Wewe umeiona filamu?" nikamuuliza mbele ya klabu nzima.

"Hapana, Mwalimu. Lakini mimi nimeucheza mpaka mwisho."

"Basi utajuaje nani adui?"

Mvulana wa nyuma akadakia, "Mwalimu, huyo ni shemeji wa mamba!" Darasa likalipuka. Nami, niseme ukweli, nilicheka. Nikapiga mstari katikati ya karatasi yake, nikamrudishia. Mashine ilikuwa pale pale, karibu ya kufikiwa kwa mkono. Sikumwambia anionyeshe.

Siku ya wazazi akasoma mtoto mwingine, aliyekuwa amenakili karatasi yangu ya hitilafu neno kwa neno. Wazazi wakapiga makofi. Mama wa Kwapa alikuwa shambani.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa hesabu alinikaribisha kwake Jumapili baada ya kanisa, na watoto wake wakaweka katuni ile ile, safari hii kwa sauti yake yenyewe. Mamba akatokea. Alikuwa mzee mpole, mlinzi wa kivuko, mwenye njaa tu. Hapakuwa na ng'ombe wala polisi. Kiboko akampa samaki, akavushwa.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" akauliza kitindamimba wao. "Kwani si nzuri?"

"Ni nzuri, mwanangu," nikasema.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kwapa. Mama aliponiona akaweka jembe chini. "Karibu, Mwalimu. Ametukana mtu?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekuja na kosa." Nikamweleza yote, pamoja na kicheko changu, binti akiwa amesimama kwenye mihogo. Kisha nikamwomba binti atusomee andiko lake hapo hapo, mama yake asikie.

"Nililichana," akasema.

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Aliniambia hakuandika vizuri," akasema. Akanikaribisha chai, nami nikainywa kwa taabu.

Klabu ilipokutana tena, nilibandua karatasi yangu ukutani na kuwaambia watoto kwamba mwenzao alisema kweli, nami nikamcheka. Hakuna aliyefanya utani. Yule msichana akakaa kwenye mashine, nami nikasimama nyuma yake. Akatupa samaki, akaondoa mikono kwenye vitufe.

"Sasa unangoja, Mwalimu. Usiguse kitu."

Tukangoja. Mamba akala, akageuka polepole, akamtolea kiboko mgongo apande. Siku ya wazazi ya muhula huo ilikuwa imeshapita, na sina namna ya kumrudishia nafasi ile.

Wewe ukitakiwa kupima mchezo wa watoto, mtafute mtoto aliyeumaliza, mwombe akuonyeshe kuanzia mwanzo, na unyamaze mpaka amalize.